Jamvi la Vita na Mguu wa Faki

Hapo zamani, wakati masultani walipokuwa wengi kuliko sababu za kupigana na bado wakapigana, ulikuwako mji ukiitwa Kitundu, na sultani wake akiitwa Zubeiri bin Maftaha. Sultani Zubeiri alikuwa mpenda haki. Aliipenda haki hata akaifungia ndani, akawa haitoi ila siku za wageni.

Basi katika mji huo alikuwako fukara mmoja, jina lake Ngwali, kazi yake kushona majamvi. Watu walimwita Ngwali Punguani, wala hawakukosa sababu. Alikaa kibarazani mchana kutwa akisuka ukili, ule mkanda wa majani unaoshonewa jamvi, kazi ya wanawake, wala haoni haya. Kisha alikuwa na ugonjwa wa kuyaamini maneno ya wakubwa kama yalivyotamkwa. Akiambiwa njoo kesho, alikwenda kesho. Tajiri mmoja alimwambia, "Karibu, nyumba hii ni yako," naye akahamia na chungu chake, ikawa kazi kumtoa. Mtu wa namna hiyo, kama mjuavyo, hawezi kupewa cheo.

Na mji wa Kitundu ulikuwa na ada yake ya vita, ada ya tangu na tangu. Palikuwa na ngoma kubwa kibandani, mbele ya nyumba ya sultani, na wakati wa amani hulazwa ubavu. Sultani akitaka vita, ngoma husimamishwa, na tangu saa ile sultani amefungwa na miiko minne: asivae viatu, asile nyama, asiguswe na wembe, wala asilale kitandani ila juu ya jamvi. Wala ngoma hailazwi mpaka askari wa mwisho aliye hai amerudi mlangoni kwake. Aliyeiweka ada hiyo alikuwa babu wa mababu wa Zubeiri, mzee aliyechoka kuzika vijana. Alisema anayewapeleka wenziwe wakalale porini, na yeye ubavu umuume kidogo. Na sultani akiivunja miiko hali ngoma imesimama, raia hana lazima ya kumtii tena.

Jamvi hilo la vita lilishonwa na ukoo wa Ngwali, baba kwa mwana, bila ujira, kwa heshima tu. Na heshima haipikiki, ndiyo maana ukoo wote ulikuwa mwembamba.

Ikawa mwaka mmoja Sultani wa Vumbani akaandika barua kwa Sultani Zubeiri, akasahau kutaja kimoja katika vyeo saba vya Zubeiri. Kosa kubwa kama hilo haliwezi kuoshwa ila kwa damu, yaani damu ya watu wengine. Ngoma ikasimamishwa. Ikapigwa mbiu kwamba kila mtaa utoe mtu mmoja kwa kura, na kila atakayerudi atapewa shamba katika bonde la mto, lake na la wanawe.

Katika mtaa wa Ngwali kura ikamwangukia Ngwali. Jemadari akamtazama juu hadi chini, akasema, "Huyu nikimwambia usirudi nyuma, atapita mji wa adui aende mpaka mwisho wa dunia. Nipeni jirani yake."

Basi akachukuliwa jirani yake, Faki wa Hemedi, mkwezi wa minazi, kijana ambaye mnazi haukupata kumshinda. Faki aliondoka akicheka. Mkewe, Mize, alisimama mlangoni hata vumbi likatulia. Na Ngwali alisimama kando yake, hakucheka, kwa kuwa aliijua ile nafasi kuwa ni yake.

Vita vikachukua miezi minane, visipate mshindi, kisha masultani wawili wakapatana. Tena walipatana vizuri sana, Zubeiri akaahidiwa binti wa Sultani wa Vumbani amwoe. Watu mia na ushee walikuwa wamekufa, lakini arusi ni jambo la furaha, na si adabu kuchanganya mambo. Ngoma ikalazwa, ng'ombe wakachinjwa, na jamvi la vita likarudishwa kwa Ngwali kama ilivyo desturi. Ngwali akalikunjua. Miezi minane, na jamvi lilikuwa jipya vile vile lilivyotoka mikononi mwake, hata alama ya ubavu hapana. Akalikunja tena, akaliweka darini, akanyamaza.

Faki naye alikuwa amerudi, kwa magongo mawili. Mshale wa sumu ulimpata mguu wa kulia, na wenziwe wakaukata gotini ili roho ibaki, wakauzika katika mchanga wa Vumbani. Akapumzika mwezi mzima. Alipopata nguvu akaenda kudai shamba lake, maana mkwezi wa mguu mmoja minazi amekwisha agana nayo.

Kesi za askari zilikuwa mikononi mwa Kadhi wa Jeshi, Sheikh Dahalani, mwanachuoni wa vita ambaye vitani hakupata kwenda, asije akapendelea upande. Jemadari alikuwa amekwisha pewa mashamba manne, kwa kuwa alirudi na miguu yote miwili, tena imenenepa. Kadhi akafungua daftari la mbiu, akasema, "Imeandikwa: kila atakayerudi. Je, wewe umerudi?"

Faki akajibu, "Nimerudi, bwana kadhi. Ndimi huyu."

"Umerudi wote?"

"Kasoro mguu, bwana."

"Basi hujarudi. Mbiu haikusema atakayerudi kipande. Mtu hagawanyiki, na kiungo chake kikiwa vitani, naye yu vitani."

Faki akasema, "Bwana kadhi, mimi mbona nipo mbele yako?"

Kadhi akalivaa swali hilo kwa furaha, maana alikuwa akilingoja. "Hapo ndipo ulipojitia kitanzi. Askari aliye vitani, akionekana mjini bila ruhusa, huitwa nani? Huitwa mtoro. Nakupa siku saba, ulete mguu wako nikupe shamba lako. Usipouleta, wewe na mkeo mtatoka katika mji huu. Na kwa sasa, sheria ya watoro ni kung'olewa mlango."

Basi wakaja watumishi, wakaung'oa mlango wa Faki, mlango wa mbao wenye kiraka, wakauchukua ghalani kwa Kadhi. Mize akatundika kanga pale penye uwazi. Mbuzi wa mtaa wakafurahi, wakawa wanaingia na kutoka bila hodi.

Jioni ile Ngwali akaenda kuwapa pole. Akamkuta Faki ameketi ukumbini, magongo yako chini, anaitazama ile kanga ikipepea.

"Wanasema sijarudi," Faki akasema. "Miezi minane nilikuwa nikiota kizingiti hiki, ndugu yangu. Nimekivuka, wananiambia sijakivuka. Siku nyingine naanza kusadiki."

Mize akasema, "Shemeji, siku saba hizi twende wapi? Kwetu wamekwisha kufa wote. Tukitoka hapa tutakufa njiani, huyu hawezi kutembea hata mpaka sokoni."

Ngwali hakuweza kumtazama usoni. Akasema, "Mguu ule ulikuwa uwe wangu."

"Usirudie maneno hayo," Faki akasema. "Wewe wangekuua siku ya kwanza."

Ngwali akauliza, "Hebu niambie. Kadhi alisema hujarudi? Kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake."

"Ameandika?"

"Hajaandika. Kwani mlango ameung'oa kwa maandishi?"

"Kesho twende kwa sultani," Ngwali akasema, "tukaombe aandike."

Mize akamtazama Ngwali, akakumbuka ni kwa nini mtaa mzima unamwita punguani. Lakini mtu anayezama hachagui kamba, wakakubali.

Asubuhi wakaingia barazani. Sultani Zubeiri alikuwa katika furaha, kwa kuwa arusi yake imebaki siku chache. Akamwona mshona majamvi amepiga magoti na kiwete pembeni yake, akasema, "Haya, Ngwali, umekuja kupinga hukumu ya kadhi wangu?"

Ngwali akasema, "Hasha, ee bwana wangu. Mimi nani hata nipinge? Nimekuja kuisifu. Nimeisikia nikaona ni hukumu nzito, haifai kubaki hewani. Mimi mpumbavu, nasahau. Na huyu jirani yangu ana kiburi, kila siku anasema amerudi. Naomba iandikwe, itiwe muhuri wako, nimsomee kila asubuhi apate adabu."

Baraza zima likacheka. Sultani akasema, "Tazameni, punguani anaijua sheria kuliko nyinyi nyote." Kadhi Dahalani, ambaye hakupata kusifiwa na mtu asiyemlipa mshahara, akavuta karatasi mwenyewe, akaandika kwamba Faki wa Hemedi, askari wa Kitundu, hajarudi kutoka vitani.

Ngwali akasema, "Bwana kadhi, uongeze kuwa yu hai, asije mkewe akakaa eda bure."

Kadhi akaongeza kuwa yu hai.

"Na watu wa kesho wakitaka kuifuta?"

Hapo Kadhi akaona anadharauliwa. Akaandika kwa herufi kubwa kwamba hukumu hii haifutiki na mtu yeyote, hata na yeye aliyeiandika, mpaka mguu uletwe. Sultani, hali akizungumza na mshonaji wake juu ya joho la arusi, akagonga muhuri bila kutazama. Ngwali akaibusu karatasi, akaitia kifuani, wakatoka. Njiani Faki akamwambia, "Sasa umenimaliza kabisa." Ngwali alikuwa akihesabu siku za kufika Ijumaa.

Ijumaa watu walipotoka kuswali, mji mzima uko uwanjani, Ngwali akaja na jamvi la vita kichwani na karatasi mkononi. Akasimama mbele ya kibanda cha ngoma, akasoma herufi moja moja, maana kusoma kwake kulikuwa kwa kusukumwa: ya kwamba Faki wa Hemedi, askari, yu hai, na hajarudi kutoka vitani. Kisha akauliza, "Jamaa, ada yetu inasemaje juu ya ngoma?"

Watu wakatazamana. Mlinzi wa ngoma akaitaka karatasi, akauona muhuri. Alikuwa mtu mwenye watoto, hapendi ugomvi na muhuri. Akasema, "Muhuri ni muhuri," akawaita wenziwe wanne, wakaiinua ngoma, wakaisimamisha.

Wakati ule ule, Sultani Zubeiri alikuwa ndani na kinyozi wake, anatengenezwa ndevu za arusi. Upande wa kulia ulikuwa umekwisha, umechongwa kama ukingo wa kitabu. Upande wa kushoto bado. Ngwali akaingia, na nyuma yake watu wamejaa mlangoni na madirishani. Akaliweka jamvi chini kwa heshima zote.

"Ni nini hiki?" akauliza Sultani.

"Ni jamvi la vita, bwana wangu. Ngoma imesimama. Nimelikung'uta vumbi, ingawa vumbi lenyewe halikuwa la kulaliwa."

Sultani akageuka kuitazama ngoma dirishani, akaiona imesimama wima. Kinyozi akauondoa wembe pole pole, akaufunga, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Vita vimekwisha," Sultani akasema.

"Na mimi nilidhani hivyo, bwana wangu, kwa upumbavu wangu. Lakini kadhi wako ameandika kuwa askari mmoja yu hai na hajarudi, na wewe umetia muhuri. Sasa nani anaweza kusema muhuri wa Sultani Zubeiri unasema uongo? Si mimi."

Sultani akasema kwa ghadhabu, "Nitakukata kichwa."

Ngwali akajibu, "Ni haki yako. Lakini naomba unikate hali miguu yako iko peku, bwana, maana hao watu dirishani wanavitazama viatu vyako, na amri ya mwenye viatu hivi sasa hailazimu."

Sultani akatazama madirishani, akaona macho yote yameelekea chini, hakuna hata moja linalomtazama uso. Basi akainama, akavua kiatu kimoja, akavua na cha pili. Vilikuwa viatu vya arusi, vya hariri, vimefika juzi.

Akaitwa Kadhi Dahalani. Sultani akamwambia, "Ifute."

"Haifutiki, bwana wangu."

"Nani aliyeandika kuwa haifutiki?"

"Mimi, bwana wangu."

"Na kwa nini ukaandika?"

Kadhi akamnyooshea Ngwali kidole, akasema, "Huyu aliniuliza." Hata kinyozi akacheka, akijificha uso kwa taulo.

Sultani akasema, "Vema. Mguu unatakiwa, nawe ndiwe uliyeutaka. Chukua jembe, nenda Vumbani, ukauchimbe."

Ikawa Kadhi wa Jeshi akaenda vitani kwa mara ya kwanza, miezi miwili baada ya vita kwisha. Akachimba mchanga wa Vumbani siku tatu, jua likamla, akarudi na mfupa umefungwa katika kitambaa cheupe, naye amechubuka mikono yote. Mfupa ukapelekwa kwa Mize autambue. Mize akaugeuza mara mbili, akasema, "Huu ni wa punda, bwana kadhi. Mume wangu namjua."

Siku za miiko zikaendelea. Mara hii Sultani hakupata nafasi ya kudanganya, kwani watu walikuja kumsalimu asubuhi na jioni, mapenzi yamewazidi, na kila mmoja akamtazama nyayo kabla ya kumtazama uso. Chakula kikawa uji wa mtama. Ubavu ukamuuma. Ndevu za kushoto zikazidi kurefuka, na za kulia zikaanza kuota kama majani ya kiangazi. Siku ya arusi ikapita. Kutoka Vumbani ikaja barua kuuliza kama vita vimeanza tena, na mara hii ilitaja vyeo vyote saba.

Siku ya kumi Sultani akamwita Ngwali. Ngwali akamkuta ameketi juu ya jamvi, anajikuna.

"Ngwali," akasema, "nitoe humu."

"Mimi mpumbavu, bwana wangu, najua tu yaliyosemwa. Ada inasema ngoma hulazwa askari akirudi mlangoni kwake. Sasa, kama mtu amerudi mlangoni, ni nani ajuaye zaidi: aliye na daftari, au anayemfungulia?"

"Anayemfungulia," akasema Sultani upesi, maana ubavu ulikuwa umemfundisha fikihi.

"Ina maana neno la babu yako liko juu ya wino wa kadhi?"

"Liko juu."

"Basi twende, ukayaseme hayo mbele ya watu."

Sultani akatoka, akasema mbele ya watu kwamba neno la mwenye mlango linashinda hukumu ya Kadhi wa Jeshi, tangu siku ile na daima. Kadhi alisikia, akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Kisha msafara wote ukashuka mpaka nyumbani kwa Faki, sultani peku, anarukaruka penye kokoto. Mize alikuwa ameketi kizingitini anapepeta mchele. Akasimama akamwamkia sultani kwa adabu.

Sultani akasema, "Ewe mama, nakuuliza mbele ya watu hawa. Mumeo amerudi mlangoni kwake?"

Mize akasema, "Mlango gani, bwana wangu?"

Watu wakaitazama kanga. Sultani akamgeukia Kadhi. Kadhi mwenyewe akaondoka, akaenda ghalani, akarudi ameuchukua mlango mgongoni, jasho linamtiririka, kwa kuwa hakuna mtumishi aliyethubutu kumsaidia. Akautia katika bawaba. Ukakwama, akautoa, akautia tena. Faki akamwelekeza kwa gongo lake, "Juu kidogo, bwana kadhi. Hapo."

Sultani akauliza mara ya pili, "Haya, mama. Amerudi?"

Mize akasema, "Bwana wangu, mtu aliyetoka hapa alitoka na miguu miwili na ahadi moja. Mguu mmoja naujua uliko. Ahadi sijaiona."

Sultani akaomba karatasi pale pale, akaandika mwenyewe juu ya paja lake, shamba katika bonde la mto, la Faki wa Hemedi na wanawe, akatia muhuri, na mara hii aliisoma kwanza. Mize akaipokea. Akaingia ndani, akaufunga mlango, akatia komeo. Watu wakangoja. Faki, ambaye alikuwa nje, akasogea kwa magongo yake, akapiga hodi.

Mize akaufungua mlango, akamtazama mumewe, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Amerudi."

Faki alikuwa amestahimili mshale, na panga, na Kadhi. Neno hilo moja likamshinda, akalia mbele ya watu, na hakuna aliyemcheka. Ngwali akageukia ukuta, akawa anauchunguza ukuta huo kwa makini sana.

Sultani Zubeiri akamwambia mtumishi wake, "Niletee viatu."

Ngwali akafuta uso, akasema, "Bado, bwana wangu. Kadhi wako ni mtu wa bidii. Hukumu yake haikumwangukia Faki peke yake."

Na kweli, katika umati wakaanza kujitokeza: huyu hana mkono, aliambiwa aulete, huyu hana jicho, aliambiwa hawezi kuthibitisha kuwa ameuona mji, wote milango imeng'olewa. Basi Sultani akazunguka mtaa kwa mtaa, na Kadhi nyuma yake na milango mgongoni, na kila penye kizingiti akauliza, na kila aliyeahidiwa akapewa. Ilichukua siku nne. Ilipofika nyumba ya mwisho Sultani alikuwa na malengelenge ya haki kabisa.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Ussi wa Shoka. Ussi alirudi na viungo vyote, Kadhi mwenyewe alivihesabu, akampa shamba bila ubishi. Mlango wake upo. Sultani akauliza kwa haraka, harufu ya nyama choma imekwisha anza kumjia, "Mama, mwanao amerudi?"

Mama yake Ussi akasema, "Bado, bwana wangu."

"Vipi bado, naye namwona pale ndani?"

"Huo ni mwili. Mlango ukigongwa huingia chini ya kitanda. Nikimwita jina lake haitiki. Shamba ulilompa lina magugu, hajapata kulitazama. Mwanangu yuko huko mlikompeleka, mimi sijampokea."

Sultani akamgeukia Ngwali, akasema kwa sauti ndogo, "Na kwa hili una hila gani?"

Ngwali akasema, "Kwa hili sina, bwana wangu. Ada imesema sultani angoje. Basi ngoja."

Wanaosimulia kisa hiki kwa haraka husema hapo Sultani alicheka, akampa Ngwali mfuko wa fedha, akavaa viatu. Wanadanganya. Sultani hakucheka, na ngoma haikulazwa. Alirudi kulala juu ya jamvi. Na kwa kuwa uji wa peke yake ulikuwa umemchosha, ikawa kila alasiri anakwenda nyumbani kwa Ussi, anaketi ukumbini, anaunywa huko, hasemi kitu. Mwanzo alikwenda kwa hasira. Kisha alikwenda kwa mazoea. Binti wa Vumbani akaolewa na mtu mwingine mwenye viatu. Mtama ukavunwa mara ya kwanza, ukavunwa na mara ya pili.

Siku moja, wakati sultani ameinama juu ya bakuli lake, mtu akatoka chumbani, akasimama mbele yake, akamtazama miguu kwa muda mrefu.

"Bwana," Ussi akasema, "mbona huna viatu?"

Sultani Zubeiri akaweka bakuli chini. Akasema, "Nilikuwa nakungoja."

Mama alikuwa jikoni, na moshi umejaa. Akatoka na mwiko mkononi, akamtazama mwanawe, akasema, "Amerudi."

Basi ngoma ikalazwa siku ile, bila mbiu wala ng'ombe. Kitundu haikupigana tena siku zote za Zubeiri, ingawa barua zisizo na vyeo zilikuja nyingi. Kadhi Dahalani akapata kazi ya kutengeneza milango, na inasemekana aliiweza. Na jamvi la vita likarudishwa kwa Ngwali, kama ilivyo desturi, naye akaliweka kibarazani kwa Faki, maana asubuhi alikuwa akimlimia shambani na mchana walikaa pamoja. Wakalikunjua. Lilikuwa limetoboka kati kwa kulaliwa, tundu la kutosha kupitisha mkono. Ngwali akautia mkono wake katika lile tundu, akautoa upande wa pili, akamwonyesha Faki.

"Sasa nimelipwa," akasema, akavuta ukili, akaanza kushona jipya. Na mimi niliyewasimulia nimeishia pale kamba ya ukili ilipoishia.